Nyota za Be

Nyota za Be ni nyota za moto na nyeupe-buluu, zinazojizungusha kwa kasi kubwa na kuzungukwa na sahani ya gesi iliyotoka kwenye nyota yenyewe. Mwaka 1866 mwanaastronomia Angelo Secchi, akiwa Roma, alipochambua mwanga wa nyota Gamma Cassiopeiae aliona mstari wa hidrojeni uking'aa pale ambapo nyota nyingi huonyesha mstari mweusi. Mng'ao huo hutoka kwenye sahani. Gesi hiyo pia huongeza mwanga wa infraredi kupita ule ambao uso wa nyota peke yake ungetoa, na sahani ikitawanyika, ziada hiyo hutoweka pamoja na mstari.

Nyeri na Nanyuki nchini Kenya, kwa kuwa karibu na ikweta, zina bahati adimu: katikati ya Desemba, saa mbili usiku, Gamma Cassiopeiae huonekana kaskazini na Achernar kusini, zote kwa macho matupu. Achernar, nayo nyota ya Be, hujizungusha kwa kasi hata imebapa. Vipimo vya infraredi vilivyofanywa Chile na kutangazwa 2003 vilionyesha ikweta yake imetokeza zaidi sana kuliko ncha zake. Infraredi yenyewe hufyonzwa na mvuke wa maji angani, ndiyo sababu darubini zake hujengwa kwenye milima mikavu.

Kenya ina sehemu yake katika historia ya uchunguzi wa nyota hizi. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliorodhesha vyanzo vya eksirei, kikiwemo X Persei, nyota ya Be yenye mwenzi ambaye ni nyota ya nyutroni.