Kutoka Kilemba hadi Namba ya Simu: Historia Fupi ya Utapeli wa Pango

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa hana pa kulala. Alikuwa amemlipa dalali kodi ya miezi sita kwa chumba alichokiona kwa macho yake. Siku aliyofika na godoro, alimkuta humo mpangaji mwingine mwenye mkataba halali. Wenzake walimwita mjinga. Mimi nasema kilichokosekana si akili ya kijana, bali njia ya kumjua mwenye nyumba. Na njia hiyo ina historia yake katika jiji la Dar es Salaam.

Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala, yenye vyumba vilivyotazamana na ua nyuma, mara nyingi mwenye nyumba aliishi humo humo. Mgeni aliletwa na ndugu au mtu wa kwao. Tangu miaka ya 1960, TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi, mjumbe naye alitarajiwa kuwajua watu wake. Utaratibu huo ulikuwa na kero zake, kwani jicho linalokulinda ndilo linalokuchungulia. Lakini ilikuwa vigumu kupangisha nyumba ya mwenzio mbele ya majirani.

Dhuluma ilikuwapo kwa sura nyingine. Nyumba zilipoadimika, ilidaiwa kilemba, yaani fedha ya kupewa ufunguo, nje ya kodi. Serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti pango wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na serikali huru ikaendeleza udhibiti huo. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kodi nafuu ikazaa soko la kificho: baadhi ya wapangaji waliwapangisha wengine kwa siri, kwa bei ya juu. Mpangaji wa pili akawa anamlipa mtu asiye mwenye nyumba, wala hakuthubutu kushtaki, maana naye alikuwamo kosani.

Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya kusikiliza migogoro ya wapangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Wakati huo jiji lilikuwa limetambaa hadi Kimara na Mbezi. Mwenye nyumba anaishi kwingine, ufunguo anao dalali. Kisha, kuanzia mwaka 2008, fedha zikaanza kusafiri kwa simu. Ndipo ukazaliwa ujumbe tunaoufahamu sote, wa mtu anayejiita mwenye nyumba wako na kukuagiza utume kodi kwa namba nyingine. Humnasa yule ambaye mwenye nyumba wake ni sauti tu.

Dalali si adui. Udalali ni kazi ya kale katika pwani yetu. Adui ni malipo yanayotangulia ujuzi. Basi kabla ya kulipa, fika ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani. Zungumza na majirani na wapangaji waliomo. Onana na mwenye nyumba, au mwakilishi mwenye idhini yake ya maandishi. Sainini mkataba mbele ya mashahidi, udai risiti. Ukilipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha.

Hata hivyo, tahadhari ya mtu mmoja haiwezi kuziba pengo la sheria. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wajiulize: mpangaji anayelazimishwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, kwa mtu asiyemfahamu, ana baraza gani la karibu la kukimbilia? Mwanafunzi wangu alizunguka kutoka kituo cha polisi hadi ofisi ya mtaa, na fedha zake hazikurudi. Muhula ule aliumaliza akilala sakafuni kwa rafiki.