Muziki wa nganda usiosafishwa: diski ya kwanza ya Hound Dog Taylor

Mara nyingi tunasikia watu wanasema kama wimbo mzuri ni ule uliopita mu studio kubwa, ukasuguliwa mpaka kila sauti ikakaa mahali pake. Historia ya bendi moja ndogo ya bluzi inatufundisha mambo mengine.

Theodore Roosevelt Taylor alizaliwa Natchez, mu jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mwaka 1915. Watu walimuita Hound Dog, ni kusema mbwa wa kuwinda. Mu 1942 akahamia Chicago, sawa vile Weusi wengi wa kusini waliofuata kazi mu viwanda vya kaskazini. Alikuwa na vidole sita kwa kila mkono. Inasimuliwa kama usiku mmoja, akiwa amelewa, alijikata kimoja kwa wembe.

Bendi yake, HouseRockers, ilikuwa ya watu watatu tu. Yeye aliimba na kuteleza kipande cha bomba la chuma juu ya nyuzi za gitare ya bei ndogo kutoka Japani. Brewer Phillips alishika gitare ya pili, Ted Harvey alipiga ngoma. Besi hapana: Phillips ndiye aliyeshuka mu nyuzi nzito kujaza ile nafasi. Vipaza sauti vyao vilikwaruza, na wao walipenda vile. Kila siku ya mungu mchana walipiga mu nganda ya Florence's, mtaa wa South Side, watu wakicheza mpaka jasho.

Taylor alikuwa amekwisha kutoa diski ndogo chache kuanzia 1960, lakini hazikumfikisha mbali. Kisha kijana mmoja Mzungu, Bruce Iglauer, mtumishi mu kampuni ya diski ya Delmark, akawasikia Florence's. Akamuomba mkubwa wake awanase, mkubwa akakataa. Basi Iglauer akachukua urizi wake, dolari 2.500, akawaingiza mu studio mwaka 1971.

Hapa ndipo penye fundisho. Mu magaribi mbili tu kazi ikaisha. Hakuwatenga kila mmoja mu chumba chake, hakuongeza mpiga besi, hakuwaambia washushe sauti. Wote watatu walipiga pamoja, sawa vile mu nganda. Makosa madogo yakabaki, na ile furaha ikabaki vilevile. Akachapisha diski 1.000, akazitembeza yeye mwenyewe kwa radio na kwa maduka. Ndivyo kampuni ya Alligator ilivyozaliwa, ile iliyokuja kunasa Koko Taylor, Son Seals na Albert Collins.

Saa ilikuwa imekwisha kuwa magaribi. Hound Dog alikufa kwa kansa ya mapafu mwezi wa kumi na mbili 1975, miaka mine tu baada ya ile diski. Yeye mwenyewe alisema kama akifa, watu watasema hakujua kupiga, lakini aliifanya isikike vizuri. Kama Iglauer angengojea bendi "iendelee" kwanza, leo tungebaki na jina tu.

Hata kwetu jambo hili tunalijua. Mu 1952 Hugh Tracey alikutana na Mwenda Jean Bosco mu njia za Jadotville, leo Likasi, akamnasa na gitare yake peke yake. Ile sauti kavu ikafika mbali kuliko orkestre nyingi zenye vyombo vingi.

Basi, mu kartie yako kuna mzee gani anayepiga kila juma mbele ya chupa na viti vya plastiki? Usingojee apate studio. Muombe ruhusa, weka telefone yako juu ya meza, uandike jina lake, tarehe na majina ya wenzake. Kukwaruza si kitu. Kusafisha kunaweza kungojea, mzee hawezi.