Nyumba ya Mskoti Mbweni na Watu wa Kusini

Naandika makala haya nikiwa Rondo, kwenye nyanda za juu zilizo nyuma ya mji wa Lindi. Jana jioni kijana wa hapa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliniuliza kama ni kweli Zanzibar ipo nyumba ya shamba ya Mskoti. Nilimjibu kuwa ipo, Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe. Akasema: "Basi hiyo ni historia ya Wazanzibari na Waingereza, mwalimu. Sisi wa Kusini haituhusu." Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuijibu.

Mskoti mwenyewe ni Sir John Kirk, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1832. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, akafuatana na Livingstone katika msafara wa Zambezi, na mwaka 1866 akafika Zanzibar, ambako baadaye alikuwa konseli wa Uingereza. Kwao Uskoti, nyumba ya fahari ya shamba ilijengwa kwa mawe ya kuchonga, paa la mteremko na meko ya kuota moto. Mbweni hatuoni hayo. Tunaona ujenzi wa pwani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zinazozuia joto, na jengo linalotazama bahari ili lipate upepo. Kirk alichokuja nacho ni desturi ya bwana mkubwa kukaa nje ya mji, akizungukwa na bustani ya mimea aliyoikusanya mwenyewe.

Tuutazame ujenzi huo kwa makini. Katika nyumba za mawe za Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti zilizobeba dari. Boriti hizo zilikatwa kwenye mikoko, na delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa, ilikuwa chimbuko lake kubwa. Hata vipimo vya vyumba, basi, vilitegemea miti na mikono ya bara.

Kisha tuwatazame majirani wa nyumba ile. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza kupitia Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko lao. Wengi waliouzwa katika soko hilo walikuwa wamepitia Kilwa Kivinje, wakitoka bara ya kusini na pande za Ziwa Nyasa. Baadhi ya waliokombolewa walipewa makao Mbweni, katika shamba la wamisionari wa UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliliongoza kundi la watu hao kurudi bara. Walishuka Lindi, wakatembea kuelekea Nyasa, na hatimaye wakaweka makazi Masasi.

Hata bustani ina habari yake. Mtoria wa mpira ambao wanasayansi wanauita Landolphia kirkii umepewa jina la Kirk. Wenyeji waliujua mmea huo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeitangaza thamani yake kwa wafanyabiashara. Muda si mrefu mpira ukawa bidhaa kubwa katika bandari za Kilwa na Lindi, ukikusanywa na watu wa misitu ya nyuma ya pwani. Jina lililobaki vitabuni ni la Kirk peke yake.

Sisemi kwamba Kirk hakustahili sifa. Mkataba wa 1873 uliokoa maisha. Ninachosema ni kwamba jengo likipewa jina la mtu mmoja, wengine hufutika. Waskoti wenyewe wameanza kulitambua hilo: mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa ripoti iliyokiri kwamba kilinufaika na fedha zilizotokana na utumwa. Kama wao wanaweza kuuliza kuta zao zilijengwa kwa fedha ya nani, sisi tunaona haya gani?

Wito wangu kwa watumishi wa mambo ya kale na elimu ni mdogo. Mwanafunzi anayepelekwa Mbweni aelezwe habari za Kilwa, Lindi na Masasi palepale. Na anayesoma Masasi aambiwe kuwa waanzilishi wa makazi yale walitoka Mbweni.

Asubuhi hii nimemweleza kijana wangu hayo yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Majina yao yameandikwa wapi?" Hilo ndilo swali ambalo mitaala yetu inapaswa kulijibu.