Maumivu ya kuunguza miguuni: Lyme na homa ya papasi Bogoro

Maumivu ya kuunguza miguuni ni hisia ya moto kwenye nyayo, mashavu ya miguu au mapaja, pasipo kidonda wala uvimbe wa kuonekana. Huzidi usiku, na kwa wengine hata shuka ikigusa ngozi huumiza. Chanzo chake huwa ni mishipa ya fahamu iliyoumia au iliyovimba. Makala hii inaiangalia dalili hiyo kwa upande wa Lyme, na inamtazama zaidi mkaaji wa Bogoro, kijiji kilicho kusini mwa Bunia, Ituri, kwenye barabara ishukayo Kasenyi na Ziwa Albert.

Lyme huletwa na bakteria wa kundi la Borrelia, waliojiviringa kama parafujo. Jina lilitokana na mji wa Lyme, Connecticut, Marekani, ambako katika miaka ya 1970 watoto wengi waliugua viungo. Mtu huumwa na kupe wa jamii ya Ixodes, kisha mara nyingi hupata baka jekundu linalotanuka. Wiki chache baadaye bakteria huweza kufika kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu itokayo uti wa mgongo. Hapo ndipo mgongo na mguu, mara nyingi wa upande mmoja, huwaka usiku kucha, na wakati mwingine uso hupooza upande. Madaktari Garin na Bujadoux wa Lyon, Ufaransa, waliieleza hali hiyo mwaka 1922, miaka 60 kabla bakteria mwenyewe hajatambuliwa.

Kupe wanaoeneza Lyme ni wa Ulaya, Amerika Kaskazini, Asia ya kaskazini na sehemu za Afrika ya Kaskazini. Ituri haimo. Kupe wanaobanduliwa kwenye ng'ombe wa Bogoro ni wa jamii nyingine. Miongoni mwao wamo wanaowaua ndama kwa ndigana kali, na Lyme si yao. Kwa hiyo mtu ambaye hajatoka Ituri na miguu yake inawaka, Lyme isiwe dhana ya kwanza.

Ndugu wa karibu wa bakteria wa Lyme, hata hivyo, yuko Afrika ya Kati na Mashariki tangu zamani. Ni Borrelia duttonii, aletaye homa ya papasi, na amepewa jina la Joseph Everett Dutton, daktari wa Liverpool. Yeye na mwenzake John Lancelot Todd waliichunguza homa hiyo Kongo na kuonyesha kwamba aienezaye ni papasi, kupe akaaye ndani ya nyumba; wote wawili wakaugua, na Dutton akafariki Kasongo Februari 1905 akiwa na miaka 30. Wakati huohuo madaktari Ross na Milne walikuwa wamefikia jibu lilelile Uganda, na Robert Koch, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akaonyesha kwamba papasi huwarithisha bakteria watoto wake kupitia mayai. Willy Burgdorfer, aliyemgundua bakteria wa Lyme mwanzoni mwa miaka ya 1980, alianzia kwa papasi huyuhuyu: ndiye aliyemchunguza kwa shahada yake ya uzamivu huko Basel, Uswisi.

Papasi, ambaye Kongo huitwa pia kimputu, hafanani na kupe wa malishoni. Hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Ndiyo maana wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa. Anaweza kukaa miaka bila damu. Hilo lina uzito mahali kama Bogoro, ambako shambulio la wanamgambo la tarehe 24 Februari 2003 liliwatawanya watu: nyumba iliyoachwa haimaanishi kwamba papasi wameisha. Kukandika nyufa na kuinua kitanda mbali na ukuta husaidia.

Homa huanza ghafla baada ya wiki hivi, pamoja na kichwa, mgongo na misuli ya miguu kuuma vikali. Huisha kwa siku chache, kisha hurudi, na kurudi tena. Kwa wachache bakteria huingia kwenye mfumo wa fahamu na uso hupooza. Kwa mjamzito ni hatari kubwa: mimba huweza kutoka na mtoto mchanga huweza kufa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaona bakteria hawa. Tone la damu lililopakwa kwenye kioo wakati wa homa na kutazamwa kwa darubini huwaonyesha. Mgonjwa aliyekunywa dawa za malaria na homa ikarudi anastahili kipimo hicho. Dawa ni doksisaiklini, au erithromaisini kwa mjamzito na mtoto mdogo, na inafaa dozi ya kwanza itolewe chini ya uangalizi, kwani bakteria wakifa kwa wingi homa huweza kupanda kwa saa kadhaa na shinikizo la damu kushuka.

Miguu ikiwaka yote miwili bila homa, sababu za kutafutwa kwanza ni kisukari, virusi vya UKIMWI, pombe, upungufu wa vitamini B1, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Hili la mwisho husahauliwa mno, ilhali kinga yake ni vidonge vya B6 vya bei nafuu. Ukoma nao usiachwe, hasa pakiwa na baka lisilohisi.

Mwenyeji wa Ituri anayeishi Ubelgiji au Kanada anaweza kupata Lyme huko kama jirani yake. Lakini kingamwili za homa ya papasi huweza kukifanya kipimo cha Lyme kionekane chanya, hivyo ni muhimu amweleze daktari wake alikulia wapi na kama aliwahi kuugua homa za kurudiarudia.