SHULE NA KIWANDA: FUNZO KUTOKA KUSINI MWA MAREKANI



Katika mkutano wetu uliopita tulibishana sana juu ya michango. Baadhi yetu tulitaka ijengwe karakana, vijana watoke shuleni na ufundi mikononi. Wengine wakashikilia maktaba. Mimi nilikuwa upande wa karakana. Tangu siku ile nimesoma historia ya viwanda vya nguo katika majimbo ya Kusini ya Marekani, nami naona yafaa tuizungumze kabla hatujapiga kura.

Historia hiyo si ngeni kwetu. Wazee wetu waliivaa nguo iitwayo merikani, na jina hilo halikuja bure. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja marobota ya nguo hiyo na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo ilifumwa Kaskazini, lakini pamba yake ililimwa Kusini na watumwa wenye asili ya Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba hiyo, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikapata nafasi.

Baada ya vita watu wa Kusini walijiuliza: kwa nini tupeleke pamba mbali ikafumwe na wengine? Hasa kuanzia miaka ya 1880 wakajenga viwanda penye pamba yenyewe. William Gregg alikwisha kuwatangulia. Katika miaka ya 1840 alijenga kiwanda cha Graniteville, Carolina Kusini, pamoja na nyumba, kanisa na shule, na mzazi asiyempeleka mtoto shuleni alitozwa faini.

Wafanyakazi walikuwa wakulima weupe maskini, waliohamia vijiji vya viwanda pamoja na jamaa zao. Mwajiri ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na mara nyingi duka pia lilikuwa lake. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na kwake. Watoto nao waliingizwa kazini, wakiondoa vigurudumu vilivyojaa uzi na kuweka vitupu. Kuanzia mwaka 1908 Lewis Hine aliwapiga picha, na picha zake zikawashtua wengi. Sheria ya mwaka 1916 ya kuzuia kazi hiyo ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, katika kesi iliyofunguliwa na baba mmoja wa Charlotte, Roland Dagenhart, aliyetaka wanawe waendelee kufanya kazi kiwandani. Ujira wa watoto ulihitajika nyumbani. Sheria iliyodumu ilipatikana mwaka 1938.

Na wajukuu wa watumwa walioilima pamba ile? Wao waliachiwa kufungua marobota, kufagia na kubeba mizigo uani. Mwaka 1915 Carolina Kusini ilitunga sheria iliyokataza weusi na weupe kufanya kazi katika chumba kimoja cha kiwanda cha nguo. Milango ilianza kufunguka hasa baada ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964.

Sasa nije kwenye elimu. Viwanda vilihitaji wataalamu, na watu kama Daniel Tompkins wa Charlotte wakadai vyuo. Clemson ilianza kufundisha ufundi wa nguo mwaka 1898, na Georgia Tech mwaka 1899. Vyuo hivyo vilikuwa vya vijana weupe tu, navyo vilitoa mameneja na wahandisi. Aliyesimama mbele ya mtambo hakufikiwa.

Mchungaji David Camak aliliona pengo hilo. Mwaka 1911 alifungua shule huko Spartanburg kwa vijana wa viwandani waliokosa masomo. Walifanya kazi kiwandani wiki moja na kusoma wiki iliyofuata, kwa zamu, ujira wa kazi ukiwalipia masomo. Hawakufundishwa mtambo peke yake, bali na masomo ya kawaida ya shule.

Wengi hawakupata bahati hiyo. Mwaka 1934 wafanyakazi wapatao 400,000, Kusini na Kaskazini, waligoma. Huko Honea Path, Carolina Kusini, watu 7 waliuawa kwa risasi, na mgomo ulipokwisha wengi walinyimwa kazi. Vumbi la pamba nalo liliharibu mapafu ya watu kwa miaka mingi, na kanuni ya serikali ya kulipunguza haikutolewa mpaka mwaka 1978.

Kisha viwanda vyenyewe vikaondoka, kufuata ujira mdogo nchi za ng'ambo. Mwaka 2003 kampuni ya Pillowtex ilifunga viwanda vyake vya Kannapolis, Carolina Kaskazini, na watu zaidi ya 4,000 wa jimbo hilo wakakosa kazi. Wengi walikuwa mafundi hodari, lakini hawakuwa wamemaliza sekondari. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, walirudi darasani kusoma hesabu na kuandika barua za kuomba kazi.

Ndugu zangu, hao ndio walionitia wasiwasi. Hawakuwa wavivu, wala hawakukosa ufundi. Walikosa kile ambacho kingewawezesha kuhama na ufundi wao mtambo uliposimama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea mtambo mmoja hali yake si mbali na hiyo.

Basi karakana nitaichangia kama nilivyoahidi. Ila naomba kamati iandike sharti moja: kijana atakayeingia karakana asipunguziwe kipindi hata kimoja cha hesabu, lugha wala historia. Na wale wa maktaba wasihesabiwe kuwa wameshindwa. Mchango wangu wa mwaka huu naomba ugawanywe nusu kwa nusu.