"Pick up" katika Kiswahili: Kitenzi Kilichogeuka Gari

Makusudio ya makala haya ni kuchunguza jinsi kitenzi cha Kiingereza "pick up" kilivyopokewa katika Kiswahili cha Kenya, hususan kandokando ya barabara ya Thika, ilipo Kahawa Wendani. Suala hili halihusu msamiati peke yake. Lamhusu pia kila afundishaye tafsiri.

Mnamo 1965 kambi ya jeshi la Waingereza iliyokuwa Kahawa, jirani na Wendani, ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Hapo kikaanzishwa Chuo cha Kenyatta, kilichofanywa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Mwaka huohuo ulianza mfumo wa 8-4-4, uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani. Kwa hiyo walimu wengi wa somo hilo walifunzwa hapo.

Barabarani, neno lilikuwa limekwisha kupokewa. Matatu ziliongezeka baada ya amri ya Rais Kenyatta ya mwaka 1973 kuziondolea sharti la leseni ya uchukuzi, na nyingi zilikuwa pikapu zilizotiwa viti vya mbao nyuma. Pikapu ikaingia ngeli ya N: pikapu hii, pikapu hizi. Ndivyo zilivyoingia pia lokapu, chekapu na nokauti. Yote haya ni majina. Kitenzi chenyewe hakikupata nafasi katika lugha sanifu.

Sababu yake imo katika muundo. Kiingereza huongeza kijineno kando ya kitenzi ili kuonyesha mwelekeo au ukamilifu wa tendo. Kiswahili huyabeba hayo ndani ya mzizi au kwa mnyambuliko. Kilichoanguka huokotwa, abiria hupakiwa, rafiki hupitiwa nyumbani kwake, ambapo kiambishi -i- cha kauli ya kutendea chatosha kugeuza "pita" kuwa "pitia". Redio hunasa mawimbi, biashara huchangamka, na mgonjwa hupata nafuu. Anayejifunza lugha bila mwalimu huokoteza maneno.

Mwanafunzi atafutaye neno moja kwa maana zote hizi hupotosha ujumbe. Akiandika kwamba mzazi alikwenda "kumwokota" mtoto shuleni, msomaji atadhani ni mtoto wa kuokotwa, asiye na wazazi, ilhali mzazi alikwenda kumchukua tu.

Jina la Wendani nalo latoa ushahidi wa karibu. Ni neno la Kikuyu lenye maana ya upendo, na ndani yake mna -an- ya kutendana, kama ile ya "pendana". Lugha hizi mbili hujenga maana kwa viambishi. Yafaa basi kamusi na mafunzo ya tafsiri yapange vitenzi vya namna hii kwa kufuata mtenda, mtendwa na mazingira ya tendo, wala yasitoe kisawe kimoja pekee. Lugha iliyopokea gari na jina lake tayari ilikuwa na vitenzi vyake.