Ku Buntu, Lakini Hadi Lini?

Aprili 2005, mfumo wa kompyuta wa Ubuntu ulipopata ndugu aliyevaa mandhari ya KDE, herufi K ilitangulizwa na jina likawa Kubuntu. Kwa Mrundi jina hilo halihitaji tafsiri. Bujumbura, kitu cha ku buntu ni kitu kinachotolewa bure, na ndivyo mfumo wenyewe ulivyotolewa. Lakini bure hiyo ilikuwa na nauli yake. Burundi haina pwani, na kabla ya mikongo ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 kutia nanga kwa majirani, intaneti ya mji ilitegemea setilaiti. Piga hesabu: kwa laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, CD moja ya megabaiti 700 hupakuliwa kwa saa 24 nzima, mradi umeme na mawimbi visikatike hata mara moja. Kwa mji wa namna hiyo, mpango wa ShipIt wa kampuni ya Canonical, uliotuma CD bila malipo kwa posta kuanzia 2005 hadi Aprili 2011, ulikuwa na thamani ambayo mtu wa London asingeiona.

Katika hali hiyo, swali la kupandisha toleo lilikuwa limekwisha kujibiwa na uhaba. Ubuntu hutoa toleo kila Aprili na Oktoba; matoleo ya kawaida yalihudumiwa miezi 18, na tangu 13.04 yakapunguziwa hadi miezi 9. Kuifuata ratiba hiyo kwa setilaiti ni kazi isiyokwisha. Kuiacha mashine inayofanya kazi bila kuigusa ulikuwa uamuzi wa akili, na anayeuita uzembe hajafanya hesabu. Ninachobisha ni kuugeuza uamuzi wa wakati wa dhiki kuwa kanuni ya kudumu. Cha kuuliza kuhusu toleo ni kama bado lina watu wanaolishonea viraka. Umri wake unadanganya.

Mwaka 2014 ulitoa ushahidi wa pande zote mbili. Tarehe 7 Aprili ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji. Waliokuwa na Ubuntu 12.04 au mfumo mwingine, Debian 7, walipatwa. Waliobaki na Ubuntu 10.04 au Debian 6 walisalimika, kwa sababu OpenSSL yao ya 0.9.8 ilikuwa kongwe mno kuwa na kasoro hiyo. Mtetezi wa kutogusa angeweza kusimama hapo na kudai ushindi. Lakini Septemba hiyohiyo ikaja Shellshock, kasoro iliyokaa ndani ya Bash, programu ya kupokea amri, kwa takriban robo karne, na hapo ukongwe haukumkinga mtu. Ubuntu 10.04 ya seva, iliyokuwa na muhula hadi Aprili 2015, ilipata kiraka. Ubuntu 13.10, changa kwake kwa miaka mitatu na nusu, haikupata: huduma yake ilifungwa Julai. Mzee alitibiwa, kijana akaachwa, kwa sababu mzee alikuwa toleo la muhula mrefu, la LTS.

Wanaosema tusiwe wa kwanza nakubaliana nao kabisa. Ubuntu yenyewe haimpendekezei mtumiaji wa LTS kuhamia LTS mpya mpaka litoke rekebisho la kwanza, miezi kadhaa baadaye. Machi 2024, Andres Freund alipogundua mlango wa siri uliopenyezwa ndani ya maktaba ya xz, ulikuwa umeingia katika matawi ya majaribio ya Debian, haujafika katika toleo thabiti. Miezi michache ya subira ni kinga. Subira ya miaka ni deni, kwani kutoka LTS moja huruki ngazi: wa 10.04 aliyetaka 14.04 alilazimika kupitia 12.04, na kila ngazi ina mzigo wake wa kupakua. Aliyeahirisha ili kuokoa data huja kuilipa mara mbili, tena kwa mkupuo.

Wapo pia wanaohofia umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la Burundi, kukatika katikati ya kazi, na hofu hiyo ni ya haki. Vifurushi vikikatizwa kabla ya kusanidiwa, mashine inaweza kukataa kuwaka. Mara nyingi amri ya dpkg --configure -a humalizia palipokatika, ila sharti awepo anayeijua. Kwa hiyo nakala ya data kwanza, betri iliyojaa, na siku ambayo ofisi haina wateja. Hoja hii inapanga saa ya kupandisha toleo. Haifuti haja yake.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la kompyuta zenyewe. Mashine za biti 32, ambazo bado zinaandika barua na kuweka hesabu vizuri tu, zimefungiwa mlango mmoja baada ya mwingine: Ubuntu 19.10 iliziacha, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha biti 32. Mwenye mashine hiyo hawezi kuambiwa apande toleo, maana ngazi imeishia chini ya miguu yake. Debian 12 itaendelea kumhudumia hadi Juni 2028. Huo ndio muda alio nao wa kutafuta mashine nyingine, na hiyo haitakuwa ku buntu.